Tusiandike Kama Abiria wa Meli

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na neno moja: "kuonja". Meli ya watalii inatia nanga Zanzibar asubuhi. Abiria wanashuka, wananusishwa karafuu, wanapigwa picha mbele ya mlango wa nakshi, wanakula pilau, na jioni wamesharudi melini. Kesho wataapa kwamba wameuonja utamaduni wa Mswahili! Kwamba mashamba ya karafuu katika karne ya 19 yalistawi kwa jasho la watumwa, hilo haliwekwi kwenye sahani.

Mgeni simlaumu. Kalipa nauli yake, na fedha zake zinawafaa wauza viungo na vijana wa boti. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji tunaojiita waandishi, tulioazima macho ya abiria yule.

Mimi ni mtu wa Nyegezi, elimu yangu ni ya sekondari tu, na riwaya yangu bado imo madaftarini. Nikisoma hadithi za vijana wa huku kwetu, ziwa ni machweo na upepo mwanana; samaki ni sato wa kukaanga, kalala na ndimu yake, mpenzi kaketi upande wa pili wa meza. Basi! Hiyo ni hadithi au tangazo la hoteli?

Hebu tuulize huyo sato katokea wapi. Tunamwita samaki wa asili, kumbe yeye na sangara waliletwa ziwani katikati ya karne ya 20. Sangara akawala furu hata aina nyingi zikapotea. Kisha viwanda vya Mwanza vikasafirisha minofu yake kwenda Ulaya, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yakabaki kukaangwa na kuliwa hapa hapa. Huo ndio utamaduni wa chakula, jamani! Una mwenye kuvua, mwenye kupima, na mwenye kubakiwa na mfupa. Riwaya nzima imo mle kwenye karai la mafuta.

Hata safari yenyewe ya kisiwani si starehe kwa kila mtu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walikufa. Wengi walikuwa wanatoka gulioni Bugolora.

Wapo watakaosema habari za ugali wa muhogo na magulio ni za kishamba, msomaji wa mjini hazitaki. Uongo! Mwaka 1945 Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kupokea wageni, yote kayaeleza, na katikati yake kuna mume na mke wanaoteswa na kukosa mtoto. Kwa Kiswahili kitabu kilitoka 1980, miaka 35 baadaye. Yeye akafariki 1981. Leo kinasomwa hata kwa Kiingereza na Kijerumani. Mzee yule hakuionja Ukerewe. Aliishi humo.

Basi nenda Nansio, kijana. Ukifika kwa mama ntilie usiishie kuulizia bei ya sahani. Muulize samaki kampata kwa nani, kwa mkopo au taslimu, na wanawe wamekula nini leo. Halafu ndipo ushike kalamu.