Karura si bustani iliyojiotea

Kama hujawahi kutembea msitu wa Karura ukifuata mto, basi nenda mwezi huu huu. Vaa viatu visivyoogopa matope. Njia inashuka katikati ya miti na mianzi, kelele za magari ya Nairobi zinafifia, na ghafla uko kwenye maporomoko ya mita 15 hivi. Mbele kidogo kuna mapango. Hapo kila mtu anatoa simu.

Mapango hayo yalikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Hilo wengi wanalijua, angalau juu juu. (Kichekesho: humo humo msituni kuna tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ilichoma noti kuukuu. Pesa kugeuka moshi, katika Nairobi hii!)

Nisichokielewa ni jinsi tunavyoruka kutoka Mau Mau moja kwa moja hadi selfi. Historia ya juzi tunamwachia nani? Miaka ya 1990 sehemu za msitu huu wa umma ziligawiwa wajenzi binafsi. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge wa upinzani na wanahabari, walikwenda kupanda mti tu. Genge la walinzi likawavamia. Mama huyo alijeruhiwa kichwani, na ripoti yake polisi aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakala virungu na mabomu ya machozi. Agosti 16 mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wanafunzi wale walikuwa rika letu. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, au tuko mgongoni. Leo tunalipa kiingilio, tunapita.

Tena vita havijaisha. Mwaka 2024 mvutano ulizuka upya, safari hii kuhusu kumega msitu ili kupanua barabara ya Kiambu. Sasa mtu anayedhani Karura ni bustani iliyojiotea, atashtuka vipi ikimegwa?

Walimu mnaoleta watoto, waongozaji, nasi wa magazeti pia: tukifika pangoni tusimulie 1952 na 1999 kwa pumzi moja. Na wewe uliyekuwemo kwenye maandamano yale, uwe ulirusha jiwe au ulikimbia tu, hebu niandikie.