Watoto wetu wanapobalehe, nani anazungumza nao?

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunawaalika wazazi na walezi tutafakari pamoja takwimu moja inayotugusa sisi wa Songea na Ruvuma nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikwisha kushika mimba. Katika mkoa wetu walikuwa 37. Ni Songwe pekee iliyotuzidi, kwa 45.

Mkoa huu unasifika kwa mahindi yanayolisha na mikoa mingine, hivyo hatuwezi kusingizia njaa peke yake. Tutazame namna tunavyoishi. Wapo watoto wanaopangishiwa chumba karibu na shule ya sekondari kwa kuwa nyumbani ni mbali, wakajipikia na kulala bila mtu mzima wa kuwauliza wametoka wapi. Wapo wanaoachwa mjini wazazi wanapohamia mashambani msimu wa kilimo. Mtoto huyo akipungukiwa na sabuni au nauli, wa kwanza kumsaidia huwa mtu mwenye nia yake.

Wako wanaodhani kuwa dawa ni kumwoza binti mapema. Hapa tuseme ukweli: takwimu hizo zinawajumuisha pia walioolewa. Ndoa huondoa aibu, lakini haiondoi hatari ya uzazi. Nyonga ya msichana ambaye hajakomaa ni nyembamba; uchungu ukikawia humletea fistula, naye akabaki akivuja mkojo na kukimbiwa na watu. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wazazi wa umri huu kuliko waliotimiza miaka 20.

Wazee wetu walilikabidhi jambo la kubalehe kwa kungwi na somo. Mengine waliyofundisha hayakumfaa mtoto, lakini palikuwa na mtu mzima mwenye dhamana ya kusema. Leo tumemwondoa kungwi, nasi hatukukaa mahali pake. Pamekaliwa na simu.

Tuna kigezo chema. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake na shangazi zake. Kila mara kijana alikataa. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Tuzingatie: kijana alisikilizwa kwanza, akafikirishwa, ndipo akaombewa. Wangapi kati yetu tungeanza na fimbo?

Basi tufanye nini? Mama na binti, baba na kijana wake wa kiume, wazungumze kabla ya balehe. Tusiwaache wavulana nje, maana mimba haiji peke yake, wala virusi vya UKIMWI. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima virusi hivyo kwa ridhaa yake. Ni afadhali aende akiwa na mzazi kuliko kwa kujificha. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kupata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja. Wanaopangisha karibu na shule wapewe mlezi anayejulikana, na walimu wa madrasa na maimamu watusaidie kuwatembelea.

Na ikiwa yamekwisha kutokea, tusimalizane vikaoni kwa ng'ombe au fedha. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamhukumu anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Familia inayopokea fidia kimyakimya humwachia huru amwendee binti wa jirani. Msichana naye apelekwe kliniki mapema, na akishajifungua arejeshwe darasani, kwani tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu jambo hilo.

Katika Surat At-Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa kuzilinda nafsi zetu na watu wetu. Ulinzi huo uanze usiku wa leo, kwa kuketi na mtoto na kumsikiliza.

Wabillahi tawfiq.