Glavu Haitoboki Bure

Miezi mitatu iliyopita niliteremka Bonde la Ufa kwa ile barabara ya zamani, ipitayo kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilikuwa nikienda Mai Mahiu kumwona dada yangu. Alikuwa amenipigia simu mara mbili juma hilo kuhusu mwanawe, na dada yangu si mtu wa kupoteza pesa za simu kwa mambo madogo.

"Njoo uongee na mpwa wako," aliniambia. "Pesa zote zinaishia mkononi."

Nilidhani ni kamari. Msomaji, nani asingedhani hivyo siku hizi? Kumbe alikuwa akisema neno lenyewe jinsi lilivyo. Pesa zilikuwa zikiishia mkononi hasa, mkono wa kushoto, katika glavu ya kuchezea gofu.

Mpwa wangu ni kedi. Kila asubuhi hupanda matatu hadi uwanja mmoja wa gofu upande wa Naivasha, ambako huwabebea wachezaji mikoba ya fimbo na kuwaonyesha mpira utakata kona upande gani ukikaribia shimo. Jumatatu makedi huachiwa uwanja wacheze wenyewe, na hapo ndipo kijana alipoanza kuota ndoto zake. Si ndoto za kuchekwa. Wachezaji wengi wa kulipwa nchini Kenya walianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967, na mwaka wa 1998 Mkenya Jacob Okello aliyakaribia hata akalazimika kutenganishwa na Ricardo González wa Argentina kwa mashimo ya ziada. González akashinda. Hadi leo makedi husimulia kisa hicho kana kwamba kilitokea jana.

Basi kijana alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya makedi. Katika miezi miwili alikuwa amenunua glavu nne za mitumba katika soko la Mai Mahiu, kila moja kwa shilingi 300. Zote zilitoboka. Dada alikuwa amepiga hesabu: shilingi 1,200 zingemnunulia binti yake mdogo viatu vya shule. Na kama hilo halikutosha, kijana alikuwa amekwenda sokoni akamwita mchuuzi mwizi mbele ya watu. Mchuuzi huyo ni jirani. Mkewe na dada yangu wako katika chama kimoja cha akina mama. Sasa mambo yalikuwa yameharibika, na dada hakuwa akienda mkutanoni.

"Mjomba, huyu mtu ananiuzia ngozi iliyooza," mpwa wangu akaniambia jioni hiyo, huku akizipanga zile glavu mezani kama ushahidi mahakamani.

Nikazitazama. Mimi sichezi gofu, lakini macho ninayo. Glavu zote nne zilikuwa zimetoboka mahali pamoja: sehemu ile nene ya chini ya kiganja, chini ya kidole cha mwisho, karibu na kifundo cha mkono. Kwingineko ngozi ilikuwa nzima. Nikamwuliza, ni ngozi gani hii inayooza mahali pamoja mara nne? Hakunijibu. Nikamwomba anionyeshe kiganja chake. Pale pale palikuwa na lengelenge lililopasuka, na pembeni mwake sugu la zamani.

Siku ya pili ilikuwa Jumatatu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaandamana naye uwanjani. Huko alinipeleka kwa mzee mmoja aliyeanza kubeba mikoba akiwa kijana na sasa ana mvi tupu. Mzee akaichukua glavu moja, akaingiza kidole katika tundu, akacheka kidogo.

"Kijana, wewe unalima," akasema. "Shika fimbo nikuone."

Mpwa wangu akaishika. Kusema kweli, hata mimi niliuona mkono wa jembe. Mpini ulikuwa umelala katikati ya kiganja na vidole vimeufunga ngumi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote shambani. Jembe hushikwa kwa kiganja kwa sababu ardhi hujibu kwa kishindo na lazima umpinge. Na mkono wa kijana huyu umefanya kazi. Mafuriko yalipoua watu wengi huko Kamuchiri mwezi wa Aprili 2024, yeye ni miongoni mwa vijana walioshika sepetu siku nyingi wakiondoa matope. Mkono wa namna hiyo hauambiwi tu usahau ukasahau.

Fimbo ya gofu ni jambo jingine. Ikiwa imelala ndani ya kiganja, alieleza mzee, haikai imara. Fimbo ikiinuliwa nyuma ya bega, kitako cha mpini hucheza. Ikishuka kwa kasi, huzunguka na kusugua kile alichokiita kisigino cha mkono. Msuguano huo ukirudiwa mara 100 kwa siku, hakuna ngozi itakayostahimili. Hata ya kifaru, akaongeza, na makedi waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko.

Akamwonyesha. Mpini ulalie vidole kwa mshazari, kuanzia shina la kidole cha mwisho hadi pingili ya kati ya kidole cha shahada. Kisha mkono ufungwe, kile kisigino kikae juu ya mpini, kisiwe nyuma yake. Kipande kidogo cha mpini, kama upana wa kidole, kibaki nje ya mkono. Kwani mpwa wangu alikuwa akishika mwisho kabisa, kitako kikawa ndani ya kiganja kikimchimba kama msumari. Vidole vitatu vya mwisho ndivyo vishike. Hivyo visilegee fimbo ikiwa juu, maana kulegeza na kushika upya ni kusugua ngozi mara mbili kwa pigo moja.

Na nguvu? Mchezaji wa Marekani Sam Snead alikuwa akifananisha jambo hili na kumshika ndege mdogo: asiruke, wala asife. Mzee wetu hakumtaja Snead. Yeye alisema shika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara kuu pale Mai Mahiu katikati ya malori. Ukimlegeza atakuponyoka, ukimbana atalia. Mimi naona mfano wake ni bora.

Nikamwuliza kuhusu matundu ya mahali pengine, kwa kuwa wasomaji wetu wengine hucheza na huenda glavu zao zinawaambia mengine. Akasema glavu iliyochakaa kwenye kidole gumba mara nyingi ni ya mtu anayekinyoosha kidole hicho mno na kukikandamiza mpini. Akivute nyuma kidogo. Yaweza pia kuwa ni mkono wa kulia unaosugua gumba hilo kwa sababu mikono miwili haijashikana vyema. Ikiwa imechakaa kidogo upande wa nyuma, kati ya kidole cha shahada na cha kati, hilo si kosa. Hapo ndipo wengi hulaza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, mtindo ulioenezwa na Harry Vardon, bingwa wa British Open mara 6 kati ya mwaka wa 1896 na 1914. Wengine hupendelea kuvisokota vidole hivyo viwili, kama Jack Nicklaus na Tiger Woods. Na wako wasiovaa glavu kabisa: Fred Couples alishinda Masters mwaka wa 1992 kwa mikono mitupu.

Lakini mpwa wangu hakuwa amekosea kabisa kuhusu ngozi. Glavu ya mitumba imekwisha kunywa jasho la mtu mwingine ng'ambo huko, na chumvi ya jasho huikausha ngozi ikakakamaa. Pia alikuwa akinunua kubwa kuliko mkono wake, apate kuingia kwa urahisi. Glavu ya gofu inapaswa kubana kama ngozi ya pili. Ikiwa na mikunjo kiganjani, mikunjo hiyo ndiyo itakayosagika kwanza.

Kuna jambo ambalo wapita njia wa Mai Mahiu huenda wasilifikirie. Pale juu kwenye mteremko, wachuuzi huuza kofia na mazulia ya ngozi ya kondoo yenye manyoya mazito. Ngozi ya kondoo wa sufu ni nzuri kwa baridi ya Kinungi, lakini haifai kwa glavu, kwa kuwa sufu na mafuta yake huifanya iwe na nafasi nyingi ndani, ikawa dhaifu. Glavu bora hutengenezwa kwa ngozi ya kondoo wenye nywele fupi za kawaida. Ethiopia inajulikana sana kwa ngozi za aina hiyo. Na kondoo wekundu wa Wamaasai, wale utakaowaona ukishika njia ya Narok, ni wa jamii hiyo ya nywele. Ngozi yao ni nyembamba lakini imeshikamana. Nyembamba, nasema, kwa hiyo huchoka upesi ikisuguliwa na mpini uliojaa vumbi letu.

Hapo mzee alitoa kitambaa chenye maji. Raba ya mpini wa mpwa wangu ilikuwa na utelezi wa uchafu wa miezi, na kadiri mpini unavyoteleza ndivyo mtu anavyozidi kubana. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo yalitosha. Akamwonya pia asiikunje glavu mfuko wa nyuma wala kuianika juani. Aivue akifika karibu na shimo, na jioni ailaze kivulini ikiwa imenyooshwa.

Nisiwadanganye. Siku hiyo kijana alicheza vibaya kuliko siku zote. Mpira wake wa kwanza uliingia vichakani upande wa kulia, wa pili ukaufuata. Alitaka kurudia mshiko wake wa zamani, na kwa majuma mawili alikuwa akinipigia simu kunilaumu mimi, kana kwamba ndimi niliyevumbua gofu. Katika mashindano ya makedi hakushika hata nafasi ya kumi. Lakini glavu ya tano, iliyomfika mkono barabara, sasa ina majuma saba. Nimeiona. Kisigino chake kimeng'aa kidogo tu.

Lililobaki lilikuwa la sokoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko mshiko. Dada alikataa kumsindikiza, akasema aliyekwenda kutukana peke yake aende peke yake kuomba radhi. Akaenda Jumamosi, saa za watu wengi, kwa kuwa matusi nayo yalisemwa mbele ya wengi. Akamweleza mchuuzi yote: kiganja, vidole, kitako cha mpini. Mchuuzi akamsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono. Kisha akalitazama lile rundo lake la glavu za mkono wa kushoto.

"Sasa kama moja itadumu miezi mitatu," akamwuliza, "hizi nitamwuzia nani?"