Nzi wa Matunda Hangoji Kalenda

Mkulima wa Bahati au Subukia anayenyunyiza dawa kwa kufuata tarehe hupigana na adui asiyejua kalenda. Nzi wa matunda hufuata hali ya hewa: penye joto, yai huwa nzi kamili kwa majuma machache, penye baridi, ukuaji hukawia. Baridi ya Nakuru imekuwa ngao yetu, lakini joto linapozidi ngao hiyo hudhoofika. Tusisahau kuwa mwaka 2014 nzi hao waliilazimisha Kenya kusitisha uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya. Je, tungoje zamu ya maparachichi? Yafaa shule zipime joto na mvua, zihesabu nzi mitegoni, na kuwahimiza wazazi wafukie kwa kina matunda yaliyoanguka kabla mabuu hayajaingia udongoni.