Kisu cha kukunja si cha kurusha

Jioni wenzangu hurusha visu vya mfukoni kwenye shina la mwembe. Mimi nasema waache. Changu, alichoniachia babu, nilikirusha mara sita. Mara ya saba kiligonga kwa mpini, pini ikalegea. Nilipokiokota kikajikunja na kunikata kidole. Kisu chenye kiungo kina mahali pa kuvunjikia, na ncha yake ni moja tu.

Wazande wa Uele waliijua shida hiyo. Kpinga yao ni kipande kimoja cha chuma, mabapa yake yakielekea pande mbalimbali: ikizunguka hewani, ncha mojawapo itafika. Kifaransa kinaiita couteau de jet, nasi tunatafsiri bila kufikiri, »kisu cha kurusha«, kana kwamba ni ndugu ya kile cha kumenyea maembe. Neno »kisu« ndilo linalotudanganya (nakiri, nasoma isimu, naona maneno kila mahali).

Kwa sikio langu, kurusha na kutupa si kitu kimoja. Pale mwembeni wenzangu wanatupa. Anayetaka mchezo huo akamwone mhunzi, aombe kisu kisicho na kiungo.