Fundi wa Nyumbani: Injini ya Boti Inapomisi



Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba inayoitegemea bahari au ziwa kwa riziki yake, ufa huo aghalabu husikika kabla ya kuonekana. Jana injini ilikuwa ikinguruma sawasawa. Leo inakohoa, inatetemeka, inapungua nguvu, kisha inarudia mwendo wake kana kwamba hapakuwa na neno. Mafundi husema injini hiyo "inamisi", maana yake silinda mojawapo haiwaki, au huwaka na kuacha.

Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huondoka nayo hivyo hivyo wakitumaini kwamba itatengemaa njiani, ama hukimbilia dukani kununua kabureta mpya kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto. Njia ya kwanza inahatarisha roho, na ya pili inafilisi nyumba. Iko njia ya tatu, nayo ni kuichunguza injini nyumbani kwa utaratibu, ukianza na jambo jepesi na la bei ndogo, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Atakayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilikuwa kibovu.

Tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alipoanza kuuza injini zake za kupachika mwaka 1909, mengi yamebadilika, lakini mahitaji makuu ya injini za petroli yamebaki matatu: petroli safi iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Injini ya mipigo miwili, yaani ile inayochanganyiwa oili katika petroli, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hudaiwa cheche 50 katika sekunde moja. Si ajabu basi kwamba dosari ndogo husikika mara moja. Maelezo ya leo yanahusu injini ya aina hiyo yenye silinda mbili.

Kwanza tuseme juu ya usalama. Ifunge injini kwenye gogo au fremu imara, mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kulifikia jiko la jirani. Moshi wa injini nao huua kimyakimya, kwa hiyo usiiwashe kamwe ndani ya chumba au banda lililofungwa. Chovya mguu wa injini katika pipa la maji yanayopita juu ya matundu yake ya kuvutia maji. Vua propela, na gia iwe huru. Injini ikiwaka, hakikisha maji ya kupoza yanatoka kwenye tundu lake. Yasipotoka, zima mara moja. Injini iendeshwayo kavu huunguza mpira wa pampu yake ya maji kwa muda mfupi sana.

Sasa sikiliza. Je, inamisi wakati wote, au ikipata moto tu? Je, huenda vizuri kwa dakika chache kisha ikafifia? Kumisi kwa mfululizo usiobadilika mara nyingi huelekeza kwenye plagi au umeme wake. Kufifia polepole huelekeza kwenye njia ya petroli. Andika uliyoyasikia katika karatasi.

Anza na tangi. Zima injini, kisha chota petroli kutoka chini kabisa ya tangi, uitie katika chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga na kukaa chini ya chupa. Ukiyaona, umempata mshukiwa mkuu. Mwaga mafuta hayo yote katika chombo salama, safisha tangi na chujio, na uanze na petroli mpya. Kumbuka pia kipimo cha oili. Injini nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Hata hivyo, ziko zinazotaka vingine, kwa hiyo kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Oili ikizidi, plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni huungua.

Kisha tazama skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Ikisahauliwa imefungwa, petroli hushindwa kutoka, na injini hufa taratibu. Bonyeza pampu ya mkono iliyo katika mpira wa mafuta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, iko hewa inayoingia mahali fulani, au vali zake zimechoka. Ikisinyaa wakati injini inakwenda, kuna kizuizi upande wa tangi.

Ikiwa petroli haina lawama, zima injini, ondoa mpira wa mafuta, na uende kwenye plagi. Shika kofia ya plagi, usivute waya. Zitie alama, ya juu na ya chini, ndipo uzisome. Plagi kavu yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi iliyolowa oili haichomi sawasawa. Nyeupe sana inaonyesha joto lililozidi, pengine kwa uhaba wa petroli. Yenye matone ya maji ni habari mbaya, kwani maji yanaweza kuwa yanapenya hadi ndani ya silinda. Usiikaushe plagi kwa kiberiti. Ifute, na ikiwa imechakaa, nunua mpya ya namba iliyoandikwa kitabuni.

Sasa fanya jaribio lisilogharimu hata senti: badilisha plagi, ya juu iende chini na ya chini iende juu. Ubovu ukihama pamoja na plagi, mkosaji ni plagi hiyo. Ukibaki katika silinda ile ile, chunguza kofia, waya na koili yake. Usiiwashe injini huku waya wa plagi ukining'inia bila plagi. Umeme wake ni mkali, unaweza kukurusha wewe na kuharibu vifaa vya injini.

Iwapo hayo yote ni salama na ubovu ungalipo, simama hapo. Mgandamizo wa silinda, matundu membamba ya kabureta na vifaa vilivyo chini ya gurudumu la juu vinahitaji vipimo na mkono wa fundi. Lakini sasa utamwendea ukiwa na karatasi yako: petroli ni safi, plagi ni mpya, silinda ya chini ndiyo inayomisi. Fundi mwaminifu atakushukuru, na asiye mwaminifu atapata shida kukuuzia kisichohitajika.

Hata injini ikinguruma vizuri katika pipa, haijabeba mzigo. Ijaribu kwanza karibu na ufuko, ukiwa na mwenzako, makasia na majaketi ya kuokolea, na kamba ya kuzimia injini ikiwa imefungwa mkononi. Injini iliyokataa uani imekugharimu asubuhi moja. Ile itakayokataa kati ya Nyamisati na Kilindoni, upepo wa kusi ukivuma na boti limejaa watu, haitakupa nafasi ya kutafuta spana. Kwa hiyo, ndugu msomaji, isikilize ingali nchi kavu, na boti lisishushwe majini mpaka sababu ya kumisi ijulikane.

Kazi njema.