Gemu la magari hushindwi kwenye kona, unashindwa piti

Leo naweka pembeni habari za testi na boom, tuongee gemu za magari. Maana ubishi wa hosteli kila wikiendi ni ule ule jamani...

Kuna msemo umezoeleka pale mbele ya TV: "mwanaume haingii piti". Ukisimama kubadili matairi unaonekana mwoga. Ndiyo maana mashindano yetu yote ni raundi tano, uchakavu wa matairi umezimwa na mafuta hayapungui. Mimi nasema hapo hatuchezi mbio, tunacheza kukanyaga mafuta. Kidole kinafanya kazi, kichwa kimelala!

Twende na hesabu, msikimbie. Tuseme mbio ni raundi 30, kuingia piti kunakula sekunde 22, na kila raundi tairi linayomaliza linakuchelewesha sekunde 0.2 zaidi. Usiposimama kabisa, jumla ya kuchelewa ni sekunde 87. Ukisimama mara moja katikati, matairi yanakula 42, ongeza 22 za piti, unapata 64. Ukisimama mara mbili, matairi 27, piti 44, jumla 71. Umeona? "Mwanaume" kaachwa sekunde 23 na "mwoga", na anayesimama ovyo naye kaliwa.

Sasa shusha uchakavu uwe 0.1. Kutosimama ni 43.5, kusimama mara moja ni 43. Karibu sawa! Hapo ndipo unaanza kuuliza mengine: ukitoka piti utaangukia nyuma ya nani? Mvua inakuja? Kwa hiyo hakuna jibu la kukariri, kuna la kutafuta.

Kwenye mbio zenyewe mambo ni hayo hayo. Mwaka 2004 kule Magny-Cours, Ufaransa, Michael Schumacher alisimama mara nne na akamshinda Fernando Alonso aliyesimama mara tatu. Mwaka 2019 Hungary, Lewis Hamilton alikuwa nyuma ya Max Verstappen, timu ikamwita piti mara ya pili raundi ya 48 kati ya 70. Wengi wangesema kajimaliza. Raundi ya 67 akampita, akashinda.

Na mafuta je? Formula 1 iliacha kujaza mafuta katikati ya mbio tangu 2010, lakini Gran Turismo 7 bado inakupa uchague lita ngapi uongeze. Mtu zimebaki raundi tatu anajaza tangi hadi pomoni, kisha analalamika gemu linamwonea. Umesimama bure na umebeba uzito bure, kaka!

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli: pedi mbili, watu kumi, nani atasubiri raundi 30? Sawa. Lakini gemu hilo hilo linaruhusu kuongeza kasi ya uchakavu wa matairi na matumizi ya mafuta. Ongeza mpaka raundi 10 ziwe na uamuzi wa kweli wa kusimama. Mchujo ubaki raundi tano kama kawaida, fainali iwe na piti. Foleni itaenda, na bingwa atakuwa bingwa kweli.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wengi wetu hapa tunasomea ualimu. Ile 87 imetoka kwenye kujumlisha 0, 1, 2, 3 mpaka 29, halafu unazidisha kwa 0.2. Ni hesabu ile ile tuliyoikariri sekondari bila kuambiwa ya nini. Kesho mtoto atatuuliza darasani "mwalimu, hii inasaidia nini?", nasi tutabaki kukohoa, wakati jibu tumelizima wenyewe kwenye setingi.

Jumamosi nitakuja na karatasi na kalamu. Anayesema haingii piti, akae karibu na mimi... teh teh teh!